Mikono Iliyobaki Nyumbani

Mittlau, Jumapili 14 Januari 2024

Dada Vreni,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Oddvar na nyonga yake mpya. Huku tunapumua. Theluji imefika usawa wa madirisha ya chini na nimeumia mgongo kwa kuizoa. Mama anakula vizuri na kugombana vizuri. Juzi kamwambia mpishi wa nyumba ya wazee kwamba viazi vyake vinafaa kubandikia karatasi ukutani. Mpishi kacheka, Mama hakucheka.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Tangu mazishi ya Baba tulikubaliana mambo mazito tuandikiane, tusipigiane simu, maana kwenye karatasi mtu hupata nafasi ya kumeza tusi kabla halijatoka. Hili ni zito. Televisheni ya Bonde inakufa. Wenye maduka na gereji waliokuwa wakitangaza kwetu sasa wanatangaza kwenye simu za watu. Tulikuwa kumi na watano, tumebaki saba, na mimi ni mpiga picha, mwelekezi wa matangazo na mfagiaji wa theluji mlangoni.

Annelies, bosi wetu, amepeleka ombi kwamba kantoni, yaani serikali ya jimbo letu, itupe ruzuku kila mwaka kutoka kwenye kodi. Limekubaliwa kuingia kwenye ajenda ya Baraza la Uwanjani, Jumapili ya kwanza ya Mei, wananchi wenyewe waamue kwa kuinua mikono. Ni kipengele cha kumi na moja, baada ya barabara na shule. Annelies atapanda jukwaani kututetea, lakini akishika kalamu anaandika kama karani wa forodha. Wewe ndiye mwenye kalamu katika ukoo huu. Nakuomba utuandikie hotuba, dakika nne tu. Nina miaka hamsini na minane, dada. Sijui kazi nyingine, na sijui bonde hili litajijuaje tukiondoka.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko mvua imeacha.

Mdogo wako, Balz

*

Bergen, 2 Februari 2024

Balz mdogo wangu,

Mwambie Mama mvua haijaacha tangu nilipofika mwaka themanini na moja. Oddvar anatembea na mkongojo mmoja sasa, ananung'unika kwa mikongojo miwili. Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka mmoja na nusu nistaafu. Mikono imekuwa myeupe na mikavu kama unga.

Hotuba siandiki.

Nitakwambia kwa nini, na umeze tusi lako kama tulivyokubaliana. Mwaka sabini na tisa kiwanda cha vitambaa kilipokuwa kinafungwa, Baba na wenzake walipeleka ombi kwenye Baraza hilohilo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, haki ya mkono sikuwa nayo bado, nikasimama nje ya kamba nikatazama. Baba aliinua mkono. Mama aliinua wake. Watu wenye suti walisema soko ndilo liamue, na wenye ng'ombe wakakubaliana na wenye suti. Baba alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa jikoni miaka kumi na tano. Hakuna aliyesema bonde halitajijua bila kiwanda. Leo watu wa kamera wamefikiwa, basi inakuwa msiba wa taifa.

Kama watu wanaitaka televisheni yenu wailipie wenyewe. Kama hawaitaki, izikeni kwa heshima. Mwokaji mkate naye ana watoto, kwa nini alipie wewe umpige picha?

Usinichukie. Vaa kitu cha kufunika mgongo, lile koti la ngozi unalovaa kazini ni fupi.

Dada yako, Vreni

*

Mittlau, Jumapili 17 Machi 2024

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tusi lilikuwa kubwa na koo langu ni dogo. Sasa limeshuka. Mgongo haujambo. Theluji inayeyuka na mto una sauti. Binti wa jirani, yule mwenye nywele nyekundu, ameolewa na mtu wa bonde la pili, watu wamemsamehe.

Kuhusu Baba, sijasahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikaa naye jikoni wewe ulipoondoka. Lakini Vreni, Baba alichapa leso. Kiwanda kilipokufa tulinunua leso za kwingine na pua zikafutwa vilevile. Niambie habari za Mittlau tutanunua wapi. Stesheni ya Zurich itatuma mtu hapa mlima ukituangukia, na atakaa hadi saa ya chakula. Mwezi uliopita maporomoko yalifunga barabara ya juu saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini nilikuwa hewani, nimevaa suruali ya kulalia chini ya meza, nikiwaambia wenye mabasi ya shule wasipande. Hiyo si biashara. Haiwezi kuwa biashara, kwa sababu hakuna mtu anayenunua tangazo katikati ya habari kama hiyo. Ndiyo maana tunaomba kodi, kama mtu anayezoa theluji barabarani anavyolipwa kwa kodi, na hakuna anayemuuliza faida yako iko wapi.

Hotuba nimeiandika mwenyewe. Annelies amesema inanukia jasho, na kwamba hilo ni jema.

Jambo jingine. Mama ameng'ang'ania kwamba mwaka huu nimpeleke Uwanjani. Unajua wanavyofanya pale kwenye nyumba ya wazee kila mwaka: wanakusanyika ukumbini mbele ya matangazo yetu ya moja kwa moja ya Baraza, kila mtu na kadi yake ya kura ya manjano iliyokuja kwa posta, na Mkuu wa Kantoni akisema nyoosheni, wao pia wananyoosha, hapo kwenye viti. Haihesabiwi na wanajua haihesabiwi. Nilidhani inamtosha. Nimemkatalia. Ni saa tatu za baridi, kiti cha magurudumu kitazama kwenye matope, na mimi nitakuwa ndani ya gari la kurushia matangazo. Miaka ishirini na saba sijawahi kuinua mkono katika Baraza, dada, kwa kuwa kila mwaka nilikuwa nawaonyesha wengine wakiinua yao. Nikamwambia, "Mama, utaona vizuri zaidi kwenye kioo cha televisheni." Akaomba chumvi.

Mwaka huu tumepata ruhusa ya kuweka kamera juu ya mnara wa kanisa. Nimetengeneza tangazo zuri, tutalirusha wiki tano mfululizo. Nataka bonde zima lione tunachoweza.

Salamu kwa shemeji.

Balz

*

Bergen, 9 Aprili 2024

Balz,

Asante kwa barua. Oddvar ameacha mkongojo na sasa analalamikia ngazi. Nimeoka mkate wa mapeari kwa kumbukumbu tu, ukatoka mgumu, tukawapa ndege. Huku jua lilitoka siku mbili, watu wakaanguka barabarani kwa furaha.

Nimesoma ulivyoandika juu ya maporomoko na suruali ya kulalia. Nakubali kwamba kuzoa theluji ni hoja. Sikubali yote. Mwenye kukulisha ataanza siku moja kukuuliza mbona jana ulimwonyesha akipiga miayo. Na wewe utamjibuje, wakati kijiko kiko mkononi mwake? Fikiria hilo kabla hujashangilia.

[Hapa nimefuta mistari miwili. Usijisumbue kuinua karatasi kwenye taa, nimeifuta vizuri.]

Kuhusu Mama sina la kusema. Wewe ndiye uliye karibu naye, mimi niliondoka, na aliyeondoka hapangi.

Nakutakia Jumapili njema tarehe tano. Nasema kweli.

Vreni

*

Mittlau, Jumapili 12 Mei 2024

Dada Vreni,

Salamu kutoka kwetu sote. Maua ya miti ya mapeari yaliungua kwa baridi, mwaka huu hakuna matunda. Mama hajambo, amechoka kidogo.

Tumeshindwa.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, kwa sababu nisipoeleza nitapasuka. Jumamosi usiku ilianza theluji. Theluji ya Mei, nzito, ya maji. Asubuhi Uwanja ulikuwa mweupe na wafanyakazi wa kantoni walifagia mbao za kusimamia. Saa tatu na nusu kengele zikalia, bendi ikaingia, Mkuu wa Kantoni akapanda na upanga wake wa sherehe. Nikawa garini nyuma ya kanisa, vioo vinane vya picha mbele yangu. Nikaita picha ya mnarani, kamera ninayoiongoza mwenyewe kwa kijiti cha mezani, ile niliyoisubiri miezi miwili. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoota. Na papo hapo niliona kitu ambacho mtu aliyesimama chini hawezi kukiona. Nyuma, upande wa mtoni, mbao zilikuwa tupu. Miaka yote watu hubanana pale hadi wanakanyagana. Nikadhani wanachelewa kwa sababu ya barabara.

Kipengele cha kumi na moja kilifika saa sita kasoro. Fridli Kundert wa gereji akapanda kupinga. Unamkumbuka, alikuwa darasa moja nawe. Akasema: "Jamani, mnanijua, siongei sana. Duka la mkate la Mittlau lilifungwa, nani aliliokoa? Basi la kwenda juu likakatwa, nani alilia? Leo mnataka nimlipe mtu anionyeshe ng'ombe wa jirani yangu. Wale ng'ombe nawaona bure dirishani, tena wakiwa na harufu!" Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, dada, mle garini, mjinga mimi.

Annelies akapanda. Hotuba yangu ikabaki mfukoni. Akamtazama tu Fridli, akasema, "Na barabara ya juu ilipofunikwa mwezi wa pili, Fridli, mwanao akiendesha basi la shule, dirisha lako lilikuambia saa ngapi?" Vichwa vikamgeukia Fridli. Nikasema moyoni, tumepita.

Kura. Mkuu akatazama mikono ya ndiyo, akatazama ya hapana, akasema sioni tofauti, nyoosheni tena. Mara ya pili akasema sioni. Mara ya tatu akawaita wenzake wanne jukwaani watazame pamoja naye. Walinong'onezana kwa muda mrefu. Nilikuwa na picha ya juu, na kanuni yetu ni kwamba wakati wa kura hatuonyeshi sura za watu, nami sikuivunja. Kisha akasema ombi limekataliwa. Hakuna rufaa, hakuna kuhesabu. Ni jicho.

Jumatatu ikaja takwimu ya watazamaji. Ni kubwa kuliko zote tangu stesheni ianze. Annelies alisoma namba ile akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa sakafuni, na kicheko kikageuka. Maana ndipo tulipoelewa, Vreni. Watu wetu walikuwa nyumbani. Wale wanaotupenda, wale wa kutuinulia mkono, walitazama dirishani wakaona theluji, wakakumbuka tangazo langu. Walikaa kwenye makochi na soseji zao za ndama wakatutazama tukifa. Wasiotutazama ndio waliokuwa Uwanjani, kwa kuwa wao hawakuwa na pa kuliona Baraza pengine.

Wiki tano nililirusha tangazo lile. "Baraza la mwaka huu litazame nasi kutoka juu ya mnara, kana kwamba uko palepale." Sauti ni yangu.

Tutafunga mwisho wa Septemba.

Balz

*

Bergen, 21 Mei 2024

Mdogo wangu,

Leo sianzi na mvua wala Oddvar.

Ile mistari niliyoifuta Aprili nitaiandika tena. Ilisema: "Balz, tangazo lako linawaalika waokoaji wako wabaki kitandani. Waambie waje, si watazame." Niliiandika, nikaisoma, nikaona ni kweli, nikaifuta. Utauliza nililionaje tangazo. Mimi naitazama Televisheni ya Bonde kila jioni, saa moja kamili, kwenye kompyuta ya Oddvar, tangu mlipoanza kurusha huko. Yeye anafikiri nacheza karata. Namjua kila ng'ombe wako. Nililitazama koti lako la ngozi likiisha mgongoni mwaka hadi mwaka. Ndiyo stesheni niliyosema izikwe.

Kwa nini nilifuta? Nimejiuliza siku tano. Nadhani nilitaka wajue Baba alivyohisi. Nilitaka mtu mwingine arudi nyumbani avue viatu akae jikoni. Nilimtaka mtu yeyote, sikuwa nimefikiria kwamba mtu huyo ana jina na ni wewe. Sasa nimeandika na siwezi kuimeza.

Nilikuona siku ile. Sikuona sura yako, ila nilijua ni wewe unayeshika picha ya juu, kwa sababu ilitetemeka kidogo Mkuu aliposema limekataliwa, na mashine hazitetemeki.

Kitu kimoja. Umeandika kurasa tatu, na Mama umempa mstari mmoja. Nimempigia mara nne. Milena, yule mhudumu, anasema amelala. Mama halali mchana. Mama ana nini?

Vreni

*

Bergen, 7 Julai 2024

Balz,

Wiki saba na sina neno kutoka kwako. Kukasirika ni haki yako, nisingeikimbia. Lakini nakuona hewani kila jioni na unakonda.

Mama ameniandikia kadi. Mkono wake unatetemeka sana sasa. Amesema hali ya hewa ni nzuri na maua ya balkoni ni mekundu. Hakukutaja. Katika maisha yangu yote ughaibuni sijawahi kupata kadi ya Mama isiyokuwa na jina lako, hata ile ya mwaka ulipovunja dirisha la chekechea.

Nimeomba likizo ya Septemba wakanikatalia, wamepungukiwa watu. Nijibu. Hata tusi nitalipokea.

Dada yako

*

Mittlau, Jumapili 6 Oktoba 2024

Dada Vreni,

Pole kwa kimya. Sijakukasirikia. Mwezi wa tano nilikasirika siku mbili, kisha nikaona kwamba hata ungeniandikia mistari ile nisingeisikia. Nililipenda mno tangazo langu. Usijitwishe lisilokuwa lako peke yako, tugawane.

Jumatatu tulizima. Kipindi cha mwisho kilikuwa cha kawaida, hali ya hewa, mnada wa ng'ombe, mahojiano na mzee aliyefua kengele. Annelies akasema asanteni na kwaherini, nami nikashusha kitufe. Watu walileta maua mlangoni. Fridli alikuja pia, na chupa, akasema, "Balz, mimi nilidhani mtapita tu. Nilisema vile kwa mchezo, watu huwa wanapita." Nikampa mkono. Ningefanya nini? Wiki hii barabara ya juu ilifungwa tena, na watu walipanda hadi kizuizini ndipo wakageuza magari. Asubuhi ninaamka saa kumi na moja kama zamani, navaa, kisha nakaa jikoni. Umeshaelewa kiti gani.

Umeniuliza kuhusu Mama mara mbili na nimekukwepa mara mbili. Mama hajazungumza nami tangu tarehe tano ya Mei.

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kutoka Uwanjani, nikiwa na maji hadi kwenye soksi. Milena alinipokea mlangoni. Akaniambia wazee kumi na wawili walikuwa ukumbini na wote kumi na wawili walinyoosha ndiyo, mara zote tatu, na mara ya tatu Mama alisimama. Alishika meza akasimama, Vreni, mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini na sita kabla hawajamruhusu, yeye na wanawake wenzake, kuinua mkono mahali popote. Alibaki amesimama Mkuu aliposema limekataliwa. Ilibidi wamkalishe. Mimi nilipoingia aligeuza kiti kikatazama dirisha. Nikazungumza na mgongo wake nusu saa.

Na nyumba za wazee katika kantoni ziko tisa. Sijaacha kuzihesabu. Wakuu watano walishindwa kuona tofauti kwa jicho. Kumi na wawili hapa, wangapi kule? Wana wangapi walisema kama nilivyosema mimi?

Nimekwenda kila Jumapili, wiki ishirini na moja. Namletea jibini, nasema habari, naondoka. Hakulia, hakugomba. Laiti angenigombeza. Jumatatu hiyo, baada ya kuzima, nilikwenda ingawa haikuwa Jumapili. Nikakaa. Nikamwambia, "Mama, imekwisha." Nikaanza kulia kama mtoto, mtu mzima mimi, mbele ya Milena na sinia la chai.

Mama akageuka. Akaniuliza, "Siku ile kulikuwa na baridi kiasi gani?"

Nikasema, "Kali, Mama. Nyuzi mbili chini ya sifuri. Theluji ilinyesha hadi saa nane. Ungekufa pale."

Akanitazama bila hasira, jinsi unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia na wewe huijui. Kisha akasema, "Koti ninalo."

Balz